Dizeli ya mashambani: kabla ya kumtafuta mwizi, tazameni barabara

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumze na wenye mashamba, machimbo na viwanda wa Arusha na Kilimanjaro ambao magari yao ya mizigo hufanya kazi ndani ya uzio, kwenye barabara zao wenyewe. Wapo wenye kahawa miteremkoni mwa Kibosho na Lyamungo, wenye maua na mboga Usa River, wenye ngano West Kilimanjaro, wenye miwa na mpunga tambarare za chini ya Moshi, na wenye machimbo ya moramu na mawe kuzunguka Mlima Meru. Humo trafiki hasimami, mizani haipo, na kibao cha mwendo kikiwepo huwa kimefunikwa na majani.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta. Bei ikipanda, ofisi nyingi hufanya jambo lile lile: hupunguza lita za kila safari. Roli lililokuwa likipewa lita nane linapewa sita na nusu, na dereva anaambiwa atajua mwenyewe. Asipofikisha, ni mwizi. Hatusemi madereva wote ni malaika; madumu ya dizeli yanayouzwa kando ya njia hayakuota shambani. Lakini mgao wa kukisia hauzuii wizi wala hauokoi mafuta. Unachofanya ni kumsukuma dereva mwaminifu ateremke nyutro akiwa na tani kumi na tano mgongoni.

Tuanze na hiyo nyutro, maana ndiyo inayoua. Dereva akifika ukingoni mwa mteremko anatoa gia, injini inatulia, roli linakwenda lenyewe, naye anaamini kwamba hapo hatumii mafuta. Ukweli ni kinyume. Injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye pedali ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha, na pampu hufunga mafuta kabisa. Ni hivyo kwa injini mpya zinazoendeshwa na kompyuta, na ni hivyo kwa Fuso na Isuzu za zamani zenye pampu ya kimakanika, kwa sababu gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko ya injini, hurudisha pampu sifuri maadamu injini inazunguka kwa kasi kuliko inavyozunguka gari likiwa limesimama. Ukitoa gia, injini haina wa kuizungusha tena. Ili isizime lazima ichome dizeli. Roli kubwa linalonguruma bila kazi hunywa kati ya lita 2 na 3 kwa saa. Kwa hiyo mteremko wa dakika nne kwa nyutro unagharimu kama glasi moja ya dizeli. Mteremko huo huo ndani ya gia haugharimu kitu.

Madereva wenzetu watasema kuna miteremko ya polepole ambako gia inalishikilia gari mno hadi ulazimike kukanyaga mafuta, na hapo nyutro inalipa. Ni kweli, na baadhi ya maroli mapya yenye gia za otomatiki hufanya hivyo yenyewe. Lakini mle inayotoa gia ni kompyuta, na inairudisha mara tu kasi inapozidi. Dereva wa Fuso mwenye giaboksi ya mkono, akishakolea kasi mteremkoni, gia haiingii tena. Anasikia meno yanasaga, anajaribu nyingine, haiingii, na muda huo kona imeshafika.

Wenye magari waone ukubwa wa jambo lenyewe. Roli la tani 25 pamoja na mzigo wake likishuka kimo cha mita 100, jambo la kawaida kabisa katika kilomita moja na nusu ya shamba la mlimani, nguvu inayopaswa kumezwa mahali fulani inatosha kuchemsha karibu lita 70 za maji ya bombani. Ndani ya gia, sehemu kubwa inamezwa na injini na kutoka na hewa ya ekzosi. Kwa nyutro, yote inaingia kwenye drami za breki. Drami ikipata moto hutanuka na kukimbia lainingi, ile bitana inayoibana. Fito inayosukumwa na upepo inafika mwisho wa safari yake kabla lainingi haijabana sawasawa. Lainingi nayo ikichemka hutoa gesi na kuteleza. Dereva anakanyaga, upepo upo, pedali inashuka, gari haisimami. Baadaye watu watasema breki zilikatika. Mara nyingi hakuna kilichokatika. Ukizikagua zikishapoa utazikuta nzima, na ndiyo maana ripoti nyingi za ndani huishia kwenye maneno matatu tu: uzembe wa dereva.

Kuteremka kunakotakiwa ni huku. Gia huchaguliwa juu, kabla pua ya gari haijainama: ile ambayo ungepandia mlima huo ukiwa na mzigo huo huo, au moja chini yake. Ekzosti breki, ile inayobana njia ya moshi ili injini ishike gari, inawashwa hapo hapo. Injini inaachwa izunguke juu ya ukanda wa kijani wa geji ya mizunguko, maana ekzosti breki hushika vizuri injini ikizunguka kwa kasi, ila mshale usiingie kwenye nyekundu. Gia haibadilishwi katikati ya mteremko. Ikiwa mwendo salama wa mahali hapo ni kilomita 20 kwa saa, dereva asubiri ufike 20, akanyage kwa nguvu ya kutosha hadi ushuke kama 12, aachie kabisa. Ukifika 20 tena, arudie. Kubana kidogokidogo mfululizo kutoka juu hadi chini ndiko kunakopika drami, na kupiga pedali piga-piga kunamaliza upepo kwenye matangi.

Upepo wa breki una hesabu zake. Maroli mengi hufanya kazi kati ya bar 7 na 8.5, mengine 10. Buza hulia ikikaribia 5. Asubuhi gari isitoke kabla geji haijafika mahali pake, na muda huo wa kusubiri upepo ndio unaotosha kupasha injini. Nusu saa ya kuunguruma uani ni hasara tupu. Upepo ukishajaa, zima injini, kanyaga breki, shikilia dakika moja. Roli lisilo na trela lisipoteze zaidi ya bar 0.2, lenye trela 0.3. Likizidi hapo, kuna mahali panavuja. Mpira wa pua ya trela ndio wa kwanza kushukiwa. Jioni fungua vali za chini ya matangi maji yatoke. Hiyo ni kazi ya utingo ya dakika mbili, na ikiachwa wiki kadhaa maji yanaingia kwenye vali, kutu inaanza, na gurudumu moja linabana huku jingine likilegea.

Sasa dizeli inapokwenda hasa.

Tairi la roli kwenye lami nzuri hudai nguvu ndogo, kama asilimia moja ya uzito wa gari. Kwenye moramu iliyoshindiliwa vizuri ni asilimia mbili hivi. Baada ya hapo kuna kanuni ambayo watu wa migodini wanaijua siku nyingi: kila tairi linapozama sentimita 2.5, ongeza asilimia moja na nusu. Maana yake tairi likizama sentimita 5 kwenye njia laini, dereva anapanda mlima wa mita tatu kwa kila mita mia, ingawa kwa macho shamba ni tambarare kama meza. Na mlima huo haumrudishii kitu, kwa sababu hauna upande wa kuteremka. Akirudi na gari tupu anaupanda tena.

Tuufanyie hesabu kwa dizeli. Lita moja ina nishati ya megajuli 36 hivi, na injini ya roli hugeuza kama theluthi yake kuwa nguvu ya kusukuma. Nyingine inatoka kwa moshi na rejeta. Roli la tani 20 likipita kilomita 3 kwenye barabara ambayo tairi linazama sentimita 5, linalipa karibu lita moja na nusu zaidi ya lile linalopita barabara ngumu. Hiyo ni safari ya kwenda tu. Safari kumi kwa siku, lita 15. Ndilo dumu lenyewe ambalo ofisi inalitafuta kwa dereva.

Barabara ya shamba haihitaji lami. Inahitaji mgongo na mahali pa maji kwenda. Yenye upana wa mita 5 katikati iwe juu ya kingo kwa sentimita 10 hadi 12. Ikikaa bapa, mvua ya kwanza ya masika inalala juu yake na magurudumu yanaikanda. Mitaro ya pembeni peke yake haitoshi mlimani, kwa sababu mtaro mrefu usio na mlango unageuka korongo. Kata michirizi ya kutoa maji shambani, karibukaribu pale mteremko ulipo mkali, mbalimbali kidogo palipo tulivu. Na greda ipite udongo ukiwa na unyevu, siku moja mbili baada ya mvua, sio kiangazi kikavu. Kukwangua moramu kavu kunatengeneza vumbi la bei ghali: chembe ndogo zinazoshikanisha kokoto zinapeperuka, kokoto zinabaki peke yake, na baada ya wiki chache barabara inaota yale mawimbi ya kama bati.

Udongo wetu haufanani, na huko wenye mashamba ya mikoa yote miwili hukosea. Udongo mwekundu wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro ukilowa juu huteleza kama sabuni, lakini chini bado mgumu. Ukipewa saa chache za jua unapitika. Udongo mweusi wa mbuga kule chini hufanya kinyume, juu unakuonyesha umekauka na kupasuka, ndani bado uji. Roli moja likipita kabla ya wakati linaacha mifereji ambayo yote yatakayofuata yatazama humo humo hadi Juni. Kwa hiyo fungeni geti. Mtu mmoja apewe mamlaka ya kusema leo hakuna gari, na mamlaka yake yasivunjwe na simu ya meneja mauzo. Kule kwenye majivu ya volkano, upande wa Oldonyo Sambu na Ngarenanyuki, tatizo si tope, ni vumbi jepesi kama unga. Hapo maji ya boza asubuhi na saa nane yanasaidia, na wenye kiwanda cha sukari jirani wanaweza kutumia molasi iliyozimuliwa kwa maji, inashika vumbi siku nyingi zaidi.

Tuseme la uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 10 kwenye ekseli moja ya tairi nne, 18 kwa ekseli mbili za pamoja, 24 kwa tatu, na gari zima lisizidi tani 56. Ndani ya shamba hakuna anayepima, hivyo watu wanajaza hadi springi zinyooke. Wanasahau kwamba viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya barabara iliyojengwa kitaalamu. Ya shamba ni laini zaidi, na madhara ya ekseli kwa barabara hayapandi sambamba na uzito. Yanapanda kwa kipeo cha nne hivi. Ekseli iliyozidishwa kwa asilimia 20 inaharibu barabara mara mbili. Huo mzigo wa ziada unaonekana ni faida siku ile tu. Mwisho wa mwezi unalipiwa kwa greda, springi na dizeli.

Matairi. Roli lenye matairi ya 11R22.5 au 12.00R20 likibeba mzigo kamili kwa kawaida hudai kati ya psi 105 na 120, kutegemea ekseli na maandishi ya ubavuni mwa tairi. Kuligonga kwa nyundo si kulipima. Nyundo inakuambia tairi limekufa, haikuambii limepungukiwa psi 25. Tairi lililopungukiwa asilimia 20 linapaswa kuhesabiwa kama pancha: ukuta wake unakunjwa kila mzunguko, unapata moto, nyuzi zinaachana, na dizeli inalipia joto hilo. Matairi mawili ya pamoja yasipolingana upepo, lililojaa ndilo linalobeba mzigo wote na kupasuka mapema, na watu hulishangaa kwa sababu ndilo lililoonekana zima. Pimeni asubuhi matairi yakiwa baridi. Yakishapata moto psi hupanda zenyewe. Anayeyapunguza mchana anajiundia upungufu wa kesho.

Kwenye mchanga au mahali laini kweli kweli, kupunguza upepo kunasaidia, maana tairi linatanda na halizami. Ni ufundi halali, ila una masharti mawili: mwendo usizidi 20, na gari isivuke geti kwenda lami kabla ya kujazwa tena. Shamba lisilo na kompresa getini lisijaribu.

Ili msikwame, loki ya difu, ile inayofunga magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja, inafungwa kabla ya kuingia topeni, gurudumu likiwa bado halijaanza kuzunguka bure, na usukani ukiwa umenyooka. Ikifungwa gurudumu likiwa linazunguka kwa kasi huvunja meno. Ikisahaulika kwenye ardhi ngumu, kona ya kwanza inavunja shafti, au gari inagoma kukata kona na kwenda moja kwa moja.

Mwendo nao una mambo mawili yanayopingana na hisia za watu. Kwenye changarawe iliyolegea, roli lenye mzigo likienda 20 linahitaji kama mita 13 kusimama, ukihesabu na muda wa dereva kushtuka. Likienda 40 linahitaji karibu 35. Na dereva huyo kaokoa nini? Kwenye kilomita 4, tofauti ya 25 na 40 ni dakika tatu na nusu hivi, ambazo anakwenda kuzipoteza kwenye foleni ya kupakia. Barabara hizi za ndani ni njia za mkato za wanakijiji: wanafunzi asubuhi, akina mama na majani ya ng'ombe jioni, bodaboda muda wote. Uzio hauwazuii na hautawazuia.

Jambo la pili ni matuta. Tunajua kwa nini yanawekwa, na mbele ya nyumba za wafanyakazi na zahanati ya shamba yabaki. Lakini roli la tani 20 linaloshuka hadi 10 kwa ajili ya tuta kisha kurudi 30 linachoma mililita 50 za dizeli kurudisha kasi yake, kikombe kidogo cha kahawa kama kile cha wauza kahawa wa mjini. Matuta ishirini ni lita moja kwa safari moja ya mzigo. Shamba lililojaza matuta kilomita tano nzima kwa sababu halitaki kusimamia mwendo linawanywesha kahawa ghali sana. Kifaa cha GPS kinachorekodi kasi kinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo, alimradi kuna mtu anayesoma anachorekodi.

Kwenye njia ya gari moja, sheria iwe moja na iandikwe getini: mwenye mzigo ana haki, mtupu anaingia kwenye kipisho. Sehemu nyingi huku mzigo unateremka kutoka mlimani, kwa hiyo ndiye asiyeweza kusimama kirahisi. Anayepanda mtupu asimlazimishe. Vipisho viwe mahali panapoonana. Vumbi likiwa zito, taa ziwashwe hata saa saba mchana, na wa nyuma akae mbali kiasi cha kuona matairi ya wa mbele, sio taa zake tu. Kwa mwendo wa 30 gari inakwenda mita 8 kwa sekunde moja.

Na hakuna mtu juu ya mzigo. Hapa hatuna la kujadili. Mwajiri anayewaacha wachumaji wapande juu ya magunia au miwa jioni kwa sababu basi la wafanyakazi limeharibika ajue kwamba barabara yake ni mahali pa kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Hoja kwamba ni njia binafsi haimsaidii mbele ya OSHA, wakala wa serikali anayesimamia sheria hiyo.

Tipa lina ajali zake za pekee. Linaanguka likimwaga, mara chache likitembea. Bodi ikiwa juu, uzito nao uko juu. Upande mmoja ukizama sentimita chache, au tairi moja likiwa na upepo pungufu, au moramu mbichi ikigoma kutoka upande mmoja wa bodi, gari inalala. Mwagieni mahali bapa na pagumu, fungueni mlango wa nyuma kwanza, na mzigo ukiganda dereva ashushe bodi akaukwangue. Asiitikise kwa kwenda mbele na kukanyaga breki. Anayeongoza rivasi awe mmoja, asimame upande wa dereva anapoonekana kwenye kioo. Asipoonekana, gari inasimama. Wakiongoza watatu, hakuna anayeongoza.

Vumbi la huku linadai pia chujio la hewa lisimamiwe na mtu anayejua. Likiziba, injini inakosa pumzi, moshi unakuwa mweusi, na huo weusi ni dizeli mliyoilipia ikitoka bila kuungua vizuri. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi tayari. Injini isiyo na tabo, ile feni inayoisukumia hewa zaidi, inaumia zaidi. Lakini kulipuliza kila jioni kwa kompresa ya psi 100 ndiko kunakolitoboa karatasi. Litolewe pale kiashiria kinapogeuka chekundu, lipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo usiozidi bar 2, kisha litazamwe kwa tochi gizani: likionyesha tundu hata dogo kama ncha ya sindano, litupwe. Lile dogo la ndani halisafishwi kamwe, hubadilishwa. Injini inayoingiza vumbi la volkano kupitia tundu moja huanza kula oili ndani ya miezi, na hapo hakuna mgao wa lita utakaoiponya.

Kuhusu kuunguruma kwenye foleni, tumeshasema lita 2 hadi 3 kwa saa. Gari inayosubiri kupakia zaidi ya dakika tano izimwe. Yenye tabo iachwe kwanza dakika mbili tatu ipoe, hasa ikitoka kupanda mlima, maana oili ikisimama ghafla ndani ya tabo yenye moto inaganda kama masizi. Kilichobaki ni kupanga foleni yenyewe: winchi moja na maroli manane yaliyotumwa kwa wakati mmoja ni kosa la ofisi.

Basi mgao upangwe vipi? Kwa kupima, sio kwa kukisia. Chukueni gari moja, dereva mmoja, njia moja. Jazeni tangi hadi shingoni, gari ikiwa imesimama mahali pale pale palipo sawa, fanyeni kazi siku nzima, kisha jazeni tena hadi shingoni. Andikeni lita, tani zilizofika na masaa ya injini. Rudieni siku tatu. Lita kwa safari ni kipimo dhaifu, maana safari ya tani 8 na ya tani 15 zinaandikwa sawa. Lita kwa tani iliyofika kinasema kweli zaidi. Fanyeni hivyo kiangazi, na mrudie masika, kwa sababu ni njia mbili tofauti. Pimeni tena greda ikishapita, na tofauti mtakayoiona ndiyo bei ya barabara mbovu kwa mwaka. Ilinganisheni na gharama ya kukodi greda.

Na anayepima kwa fimbo ajue mawili. Gari ikiinama kidogo, fimbo inadanganya kwa lita kadhaa. La pili, dizeli hutanuka kwa joto. Gari inayotoka kazini huwa na dizeli ya moto tangini, kwa kuwa ile isiyochomwa hurudi kutoka kwenye nozeli ikiwa imepashwa. Tangi la lita 400 likipimwa jioni hivyo, kisha likapimwa alfajiri ya baridi ya Julai likiwa limepoa nyuzi 15, litaonyesha lita 5 pungufu, na hakuna aliyeligusa. Fimbo ichovywe saa ile ile kila siku, alfajiri, kabla injini haijawashwa.

Ni sisi,
Madereva na mafundi wa magari ya mizigo,
Usa River, Arusha